Bomba la duara kwenye tundu la duaradufu: kwa anayejitengenezea inteki manifoldi (mabomba ya kupeleka hewa kwenye injini)

Mkuu, umeuliza mambo mawili: namna ya kulifanya bomba la alumini la duara likae kwenye tundu la duaradufu la hedi (kichwa cha injini chenye vali) bila kupasuka, na kama benda ya haidroli ya mafundi bomba inafaa kukunjia kona.

Nianze na la pili kwa kuwa ni fupi. Haifai. Benda ile ni ya mabomba mazito ya chuma. Bomba la alumini lenye ukuta wa milimita 2 litabonyea upande wa nje na kupata makunyanzi upande wa ndani. Nunua kona zilizokunjwa kwa mandreli (kishikizo kinachowekwa ndani ya bomba lisibonyee), ukate na kuunga. Ila ujue kuwa hata hizo, kona ikiwa ya mkunjo wa mara 1.5 ya kipenyo, kwa hesabu ukuta wa nje hupungua takriban robo, yaani milimita 2 inakaribia 1.5. Mwenye kuchomelea alijue hilo kabla hajawasha.

Sasa tundu. Ukilibana bomba, ukuta wake haurefuki wala haufupiki, unabadilika umbo tu. Kwa hiyo usihangaike na upana wa tundu, tafuta mzingo wake. Tuseme tundu lina urefu wa milimita 50 na upana wa 30, ncha zake nusu duara. Zile nusu duara mbili zinatoa 94.2, kingo mbili zilizonyooka za 20 zinatoa 40, jumla 134.2. Gawa kwa 3.14 upate 42.7. Unahitaji bomba la kipenyo cha ndani karibu 43. Wengi hukimbilia la 50 kwa sababu tundu ni 50, kisha wanabaki na milimita 23 za ukuta zisizo na pa kwenda, na hapo ndipo nyundo inapoanza kufanya kazi isiyo yake.

Utaona pia eneo la ndani linashuka kwa asilimia 9 hivi, kwa sababu kwa mzingo uleule hakuna umbo lenye eneo kubwa kuliko duara. Binafsi naliona jambo jema: upenyo ukipungua taratibu kuelekea hedi, hewa huongeza kasi karibu na vali. Kibaya ni kupungua ghafla, ndiyo maana sipendi duara ligeuke kwa urefu ulio chini ya mara moja na nusu ya kipenyo.

Kuhusu kupasuka: bomba la 6061-T6 (aloi ya alumini iliyokazwa kwa joto) halitaki kubanwa likiwa gumu hivyo. Lilainishe. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo macho yatakudanganya. Paka masizi kwa moto wa asetilini tupu, kisha ongeza oksijeni na upitishe moto taratibu, ukizungusha, mpaka masizi yatoweke. Ondoa moto, liache lipoe lenyewe. Likianza kukaza wakati wa kazi, rudia.

Usilibane kwenye jiliwa (kibanio cha mezani) likiwa tupu, kingo zitazama ndani. Chonga vipande viwili vya mti mgumu au chuma, kila kimoja na mgongo wa nusu duara ya 30 na ncha iliyochongoka kidogo, upake grisi, uvitie ndani, kisha upige kabari katikati vitanuke huku jiliwa likikaza pande bapa kidogo kidogo. Tengeneza umbo hili kwenye kipande kilichonyooka, kona uiunge baadaye.

Flanji, yaani bamba la kufungia manifoldi kwenye hedi, iwe ya unene wa milimita 10 hadi 12. Ifunge kwa bolti kwenye bamba zito kabla ya kuchomelea mabomba kwa tigi (uchomeleaji wa umeme na gesi), ruka kutoka tundu hadi tundu badala ya kumaliza moja baada ya jingine, na usifungue mpaka ipoe kabisa. Hata hivyo itapinda kidogo. Lazima isawazishwe uso baada ya hapo.

Mwisho ziba matundu, tia hewa ya presha ndogo, paka maji ya sabuni kwenye maungio yote. Uvujaji mdogo tu utakuletea sailensa isiyotulia (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) na utalaumu injekta, vinyunyizio vya mafuta, bure.

Hukusema bomba ulilonalo ni 6061 au 6063. Weka hapa pamoja na vipimo vya tundu la gasketi ya hedi upande wa inteki, nikupigie hesabu ya mzingo.