Jicho vivu ukubwani na mashine ya sumaku

Kaka, umeuliza kama ile mashine ya sumaku (TMS), inayosisimua ubongo kwa mapigo ya sumaku, inaweza kuamsha jicho vivu, yaani jicho linaloona hafifu (amblyopia), ukiwa na miaka 34. Kwa kifupi: inaliamsha kidogo, ila bado ni kitu cha maabara, si cha kliniki.

Jicho lenyewe ni zima. Ubongo ndio uliozoea kulipuuza tangu utotoni, ndiyo maana koili ya mashine, ile sehemu inayotoa sumaku, inawekwa kisogoni, kwenye sehemu ya ubongo inayopokea picha, wala haigusi jicho. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliwajaribu watu wazima: jicho dhaifu likaanza kuona vizuri zaidi michoro iliyofifia, kisha baada ya muda likarudi lilikokuwa. Baadaye waliporudia siku tano mfululizo, nafuu ikakaa zaidi. Kuna na njia ya umeme mdogo, kama miliampia 2, unaopitishwa kwa sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi. Tafadhali usijaribu na betri nyumbani, hasa kama una kifafa au chuma kichwani.

Mimi la kushoto ndilo vivu. Nikiziba la kulia pale kituo cha Mwenge, Dar, daladala naiona, rangi ya mstari naiona, ila maandishi ya "Makumbusho" na "Mbagala" herufi zinabanana tu.

Anza na kupimwa miwani sahihi, hospitali ya Muhimbili au CCBRT. Hata mtu mzima huwa anapata nafuu kwa miwani tu, wengi wanairuka hatua hiyo. Ulishawahi kuvaa?