Milimita Sita Zilizonila Jumamosi Tatu

Wiki iliyopita niliweka mtandaoni picha ya sarafu moja niliyoichimbua kwa msaada wa ramani ya zamani na mashine ya kutafuta metali ardhini, senti kumi ya mwaka 1922, ile yenye tundu katikati, na tangu hapo simu yangu haijatulia. Ujumbe ulionichokoza kuliko yote umetoka kwa kijana wa Mbale: "Kaka, mashine nimeshanunua. Nitumie hiyo ramani tu, tutagawana."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonikera. Kana kwamba ramani ni ufunguo wa stoo, unafungua unabeba. Basi kaa chini, mdogo wangu, nikueleze nilivyoteseka.

Nilianza kama wengi wanavyoanza, kwa dhahabu ya Wahindi. Unaijua hadithi: mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, kwa hiyo lazima walifukia mali chini ya sakafu za maduka. Ndugu zetu wa Tanzania wana mali za Mjerumani, sisi wa Uganda tuna dhahabu ya Wahindi, ugonjwa ni ule ule. Nilichimba nyuma ya duka moja bovu hapa Jinja mpaka nikatoboa bomba la maji. Miaka miwili nikaokota vizibo vya soda, misumari ya mabati na nusu ya jembe. Shemeji yangu akanibatiza Injinia wa Vizibo, na mpaka leo kwenye sherehe za ukoo kuna watoto wanaodhani ndiyo kazi yangu. Shemeji, najua unasoma.

Kilichonigeuza ni babu yangu, aliyekuwa kibarua kwenye reli ya Busoga. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1912, ikitoka Jinja mpaka Namasagali, kwa sababu Nile ikishatoka Jinja ni maporomoko matupu, meli haipiti. Mizigo ilipanda treni mpaka Namasagali, hapo ikapakiwa melini, ikavuka ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Mwaka 1931 daraja la Jinja likaipeleka treni Kampala, Namasagali ikaanza kupungua pumzi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yakapanda yakaimaliza bandari. Sasa fikiri: kandokando ya reli ile waliishi vibarua, makarani, wapishi, wachuuzi, watu wa kila kabila wakielewana kwa Kiswahili hiki hiki. Walilipwa mshahara pale, wakalewa pale, kisha wakahama. Watu wa namna hiyo ndio wanaodondosha hela.

Kwa hiyo nikaenda Entebbe, idara ya upimaji na ramani, nikanunua ramani ya zamani, karatasi ya kipimo cha 1:50,000. Nyumbani niliitandaza mezani, kikombe huku, kiatu kule, maana karatasi iliyokaa imekunjwa haikubali kulala. Kati ya Mbulamuti na Namasagali, kando ya mstari wa reli, nikaona vinukta vyeusi tisa vimejikusanya. Kila kinukta ni nyumba. Nikafungua picha ya setilaiti kwenye simu: miwa. Miwa mitupu. Usiku ule sikulala.

Ushauri mzima ninao huo hapo, ukitaka unaweza kuishia hapa. Tafuta kilichopo kwenye ramani ya zamani na hakipo kwenye ya leo. Mji uliopo bado umeshafukuliwa, umejengwa, umejaa vizibo. Unachotaka ni mahali palipokufa.

Lakini mimi nilisoma viwianishi, yaani namba za mahali, kwenye ramani, nikaviingiza kwenye simu, nikapanda bodaboda. Nilimkuta mzee mwenye kibanja, nikamwamkia, nikaeleza shida yangu. Akacheka, akaniruhusu, akanyoosha fimbo kuelekea kusini: "Mwanangu, maduka yalikuwa huku chini, kwenye mwembe." Nikatazama simu. Simu ilisema juu, ng'ambo ya njia. Nikajisemea moyoni mzee ameshachoka kumbukumbu.

Jumamosi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya kama maji mtungini, ukiondoa udongo wa maramu unaoifanya mashine ilie ovyo kwa chuma chake. Ya tatu nikazungukwa na vijana wanne wenye mapanga: nani kanituma kufukua makaburi ya kwao? Nikataja jina la mzee aliyeniruhusu. Wakaniambia kibanja cha mzee kinaishia kwenye njia. Nilikuwa nimevuka wiki tatu nzima bila kujua, kwenye shamba la watu wengine, na jembe mkononi. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, ndiye aliyeniokoa, baada ya saa tatu za kukaa chini kama mwizi wa kuku huku watoto wa shule wakinipiga picha. Nililipa pesa ya soda. Haikuwa pesa ya soda.

Jamaa yangu mmoja mpimaji ndiye aliyenionyesha kosa, na hakuchukua hata dakika mbili. Aliweka kidole kwenye yale maandishi madogo ya pembeni ambayo hakuna anayeyasoma. Ramani zetu za zamani zimepimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, simu inatumia WGS84. Namba zile zile, mahali tofauti: ukizihamisha hivi hivi unatua kama mita 300 kaskazini ya unapopataka, na magharibi kidogo. Kwenye karatasi yangu, mita 300 ni milimita sita. Akabadilisha mpangilio wa simu, na kinukta kikateremka, kikavuka njia, kikasimama kwenye mwembe wa mzee.

Nilirudi na kilo mbili za sukari na samahani. Nilisubiri miwa ikatwe, kwa sababu ndani ya miwa huwezi hata kuzungusha koili, lile duara la mashine. Hatua ishirini hivi kutoka kwenye mwembe, mashine ikatoa sauti moja safi, si ule mkoromo wa msumari. Nikachimba urefu wa kiganja. Kitu cha kijani, kipana kuliko sarafu yetu ya shilingi 500, tundu limezibwa na udongo. Nikatemea mate, nikasugua kwa kidole gumba, zikajitokeza pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Karibu yake kulikuwa na kifungo cha shaba cha sare. Sikupiga kelele. Nilikaa chini tu.

Sasa nisikilizeni, maana naona vijana mnakimbilia mashine kabla ya akili. Linganisheni ramani na ardhi kwa vitu visivyohama, angalau vitatu: kona ya mto, njia panda, kanisa la zamani. Msiamini kila jina lililoandikwa. Vijiji vingine viliitwa kwa jina la mkubwa wa pale, akihama, jina linamfuata. Vijiji vya pwani ya ziwa vilivyohamishwa kuanzia 1906 kwa sababu ya malale, viacheni, pale ni makaburi ya watu wengi mno. Palipopiganwa vita, 1979 na baada ya hapo, msichimbe kabisa. Mabomu hayana urafiki na jembe. Na msitegemee mashine iwaambie yote: simbi za zamani, ambazo Waganda mpaka leo wanaita pesa kwa jina lake, ensimbi, ni kauri, na mashine haizisikii hata ukizikanyaga. Vitu vya kale vina sheria nchini tangu 1967. Ukipata, toa taarifa. Na wazee wakinyoosha fimbo, fuateni fimbo! Mimi nililipa soda ili nyinyi msilipe.

Kijana wa Mbale, ramani ya Namasagali haikusaidii. Nunua ya kwenu, anza na reli iliyo karibu nawe, na usome pembeni.

Sarafu sinayo. Nilipiga picha, nikatoa taarifa, nikampelekea mzee kwa kuwa ni ya ardhi yake. Akapitisha uzi kwenye tundu, akasema mama yake alizifunga hivyo, kiunoni, akienda sokoni. Ikatundikwa kwenye msumari juu ya mlango. Kisha akaniuliza kama nina mashine ya pili, mjukuu wake anataka kujaribu upande ule wa choo cha zamani.