Saa ya zamani: fedha iende kwenye uso kwanza, mashine itatengenezwa

Ukionyeshwa saa ya zamani Kariakoo, muuzaji ataitikisa, ataisogeza sikioni mwako na kusema, "Sikiliza mwenyewe, kaka, inatembea hiyo." Wengi tunaishia hapo. Mimi suala la kutembea naliangalia mwisho. Saa iliyosimama lakini yenye uso wake wa kiwandani nitainunua kabla ya inayotembea vizuri iliyopakwa rangi upya. Mashine iliyolala, fundi mzuri anaiamsha. Maandishi ya uso yakishafutwa ndiyo basi. Karibu kila ninachomshauri mtu anayeanza kinatoka hapo: nunua uso, tengeneza mashine, na vile vinavyoonekana kwa macho viache na uzee wake.

Kwa saa ya kwanza nasema Seiko 5 ya miaka ya 1970 au 1980. Najua wapo watakaoguna kwamba wao wanataka ya Uswisi. Lakini Seiko 5 imekuwa sokoni tangu 1963, wazee wetu wameivaa sana, na ni vigumu kumpata fundi saa mjini ambaye hajawahi kuifungua. Tena zikiharibika huuzwa nzima kwa bei ya kutupa, kwa hiyo spea hazikosekani. Ukiwa na ya Uswisi yenye mashine adimu, ikavunjika ekseli ya gurudumu moja tu, utaizungusha mji mzima na kuirudisha kabatini.

Tukizungumzia kabati, huko ndiko ziliko saa nzuri kuliko mezani kwa wauzaji. Kuna waliozawadiwa saa walipostaafu, kuna walioletewa na ndugu baharia au aliyekwenda kuhiji. Miaka ya uhaba kitu cha nje hakikupatikana kirahisi, mpaka serikali iliporuhusu mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa. Na kwa kuwa nyingine zililetwa na mahujaji, usishangae kukuta Seiko ambayo kidirisha chake kinaandika siku kwa Kiingereza na kwa Kiarabu. Ila ukienda kwa baba mdogo au kwa babu, usianze na bei. Mpe shikamoo yake, kaa, muulize aliyempa hiyo saa na aliivaa wapi. Akitaka kukupa, pokea kwa mikono miwili. Akitaka kuuza, usimpunje kwa sababu tu hafuatilii bei za mtandaoni. Na habari yake iandike, maana saa inayojulikana ilikotoka ina thamani ambayo fundi hawezi kuiongeza.

Haya, umeipata sokoni na umeishika. Toka nayo kibarazani uende kwenye mwanga wa jua. Azima lenzi ya fundi, au fungua kamera ya simu na uvute picha karibu. Anza na herufi. Za kiwandani ni nyembamba na kingo zake zimekatika safi. Zilizochorwa upya zimenenepa kidogo, mistari ya dakika haikutani sawasawa na vile vijiti vya chuma vinavyoonyesha saa, na rangi imevuja kwenye kingo za kidirisha cha tarehe. Shuka hadi chini kabisa ya uso, chini ya namba 6. Hapo Seiko huchapa kwa herufi ndogo mno namba ya mashine, kwa mfano 6119, 6309 au 7009, ikifuatwa na namba ya uso wenyewe. Anayepaka upya mara nyingi huuruka mstari huo, au huandika maneno ya kubahatisha.

Igeuze. Namba nne za kwanza kwenye mfuniko wa nyuma zilingane na zile za usoni. Zisipolingana, umeshika saa iliyoungwa kutoka kwa marehemu wawili watatu. Si dhambi kuivaa, lakini bei yake iwe ya saa ya kuungwa. Kuna pia namba ya mfululizo: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi, na kwa miezi mitatu ya mwisho hutumika O, N na D. Saa ya 6119 ambayo namba yake inaanza na 17 imetengenezwa Julai 1971. Muongo wenyewe, yaani ni miaka ya 60, ya 70 au ya 80, unaujua kwa kuangalia mashine hiyo ilitengenezwa lini.

Kisha omba mfuniko ufunguliwe. Muuzaji akikataa, mshukuru uondoke, hata kama roho inauma. Ndani kwanza naangalia skrubu. Zikiwa zimechubuka midomo, saa imepita kwenye mikono mingi yenye bisibisi mbaya. Halafu naangalia pale ufunguo, kile kitufe cha pembeni cha kuzungusha, unapoingilia, maana ndipo maji hupita, na kutu ya kahawia huanzia hapo. Kutu kidogo kwenye kijiti cha ufunguo inavumilika. Kutu iliyofika kwenye magurudumu, achana nayo, labda kama unatafuta spea.

Kuna aina moja ya kuogopa zaidi: Seiko 5 yenye uso unaowaka kama kizibao cha bodaboda, chungwa au kijani kikali, kasha linang'aa, bei ya chini kwa namna ya kukutia mashaka. Nyingi za hivyo zimefufuliwa na kupakwa rangi India, na zinasafiri dunia nzima. Hali hiyohiyo inazikuta HMT, saa za India zilizoanza kutengenezwa 1961 kwa msaada wa Citizen. HMT Janata yenye uso halisi ni saa nzuri ya kutia ufunguo, na ningemshauri yeyote aiwazie. Yenye uso wa jana ni pambo tu. Na ukiona "Seiko 5" ambayo mshale wa sekunde unaruka hatua moja kila sekunde, hiyo ni ya betri, na Seiko 5 zote ni otomatiki, yaani hujijaza kwa mwendo wa mkono. Rudisha mezani.

Mambo mawili huwatisha wageni bure. Kwenye mashine kama 7009 na 6309, ukizungusha ufunguo saa haijai; inajazwa kwa mwendo wa mkono, kwa kifaa ambacho Seiko walikianzisha 1959 kinachojaza springi upande wowote ule mzani wa ndani, kile chuma kizito cha nusu duara, unapozunguka. Na ukivuta ufunguo kurekebisha saa, mshale wa sekunde hausimami. Vyote viwili ni vya kawaida. Kisicho cha kawaida ni mkwaruzo unaousikia ukiitikisa taratibu. Hapo mzani unagusa mfuniko au mashine, na punguzo la bei ni haki yako.

Unapojaribu tarehe pia kuwa makini. Usiibadilishe kwa haraka mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa sababu meno ya kalenda yameshaanza kushikana na unaweza kuyavunja. Kwa saa usiyoijua, huwezi kujua kama yenyewe inadhani ni mchana au usiku, kwa hiyo peleka mshale mfupi kwenye namba 6 kwanza. Iwe asubuhi au jioni, hapo uko salama.

Saa za Uswisi na Ulaya za kabla ya miaka ya 1960 kuisha zina hatari nyingine: rangi ya kung'aa gizani iliyotiwa radiamu. Haing'ai tena, imekuwa kahawia, lakini mnunurisho bado upo, maana radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600. Kuivaa ikiwa imefungwa ni jambo moja. Kuifungua na kukwangua mishale juu ya meza unayolia chakula ni jingine kabisa. Vumbi lake likiingia mwilini lina madhara. Mwanzoni ziache tu.

Sasa servisi, ambapo saa nyingi nzuri huharibiwa na watu wenye nia njema. Kabla ya kumwachia fundi, muulize maswali. Mazungumzo niliyoyasikia zaidi ya mara moja huenda hivi:

"Shikamoo, mzee. Ukiisafisha hii unatia mafuta gani?"

"Marahaba, mwanangu. Ya cherehani. Hayana neno."

Yana neno. Mafuta ya cherehani hutambaa, hutoka kwenye shimo la kito, kile kijiwe kigumu ambamo ekseli inazunguka, na kuiacha kavu, kisha yanashikana na vumbi kuwa gundi. Saa inataka mafuta zaidi ya aina moja: mepesi kwa magurudumu yanayokimbia, mazito na grisi kwa sehemu zenye mzigo. Moebius, chapa ya mafuta ya saa, ndilo jina la kulisikiliza. Fundi anayejua atakwambia pia kwamba ekseli za ile nanga inayopigapiga kando ya gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huko, huachwa kavu, mafuta yanawekwa kwenye vito vyake tu. Muulize hilo kwa adabu, kama unayejifunza. Akicheka na kukueleza, umempata mtu. Akikwambia ataichovya nzima kwenye petroli bila kuifungua vipande vipande, chukua saa yako, sema utarudi, na usirudi.

Ukishampata, sema kwa mdomo wako kile usichotaka, kwa sababu mafundi wetu wamezoea wateja wanaotaka saa iwe mpya. Asipake uso rangi. Asipeleke kasha kwenye mashine ya kung'arisha: kingo kali zilizokatwa kiwandani hugeuka duara kama za sabuni iliyotumika, na chuma kilicholika hakirudishwi. Asiweke rangi mpya ya kung'aa kwenye mishale. Kioo cha plastiki chenye mikwaruzo kinasuguliwa kwa dawa ya meno na kitambaa laini, hata nyumbani unaweza. Springi kuu iliyochoka na mpira wa mfuniko hivyo abadilishe bila kukuuliza. Na kila kipande kilichotolewa akirudishe kwenye kifuko, hata kama kwake ni takataka.

Fundi mwenye kipimo cha mwendo cha kielektroniki mwombe akuonyeshe skrini kabla na baada. Kupotea nusu dakika kwa siku kwa saa ya umri huo mimi sinung'uniki. Angalia na upana wa kuyumba kwa gurudumu la mizani: Seiko hizi zikijaa na kufika digrii 220 na kuendelea, naridhika. Chini ya 200 baada ya servisi, kuna kitu hakijafanyika. Kwenye bajeti, tenga kwa ajili ya servisi fedha isiyopungua uliyonunulia. Asiyeweza kutenga hiyo, bora asubiri.

Kisha hali ya hewa yetu. Maandishi ya "water resist" mgongoni yalikuwa kweli saa ilipotoka kiwandani. Leo iweke mbali na maji ya Coco Beach, na masika iache nyumbani ukijua utagombania daladala kwenye mvua. Ukitoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi kikali, ukaingia kwenye joto la saa nane mchana na kioo kikatia ukungu kwa ndani, unyevu umeshaingia. Mpelekee fundi siku hiyohiyo, usiizike kwenye mchele. Mkanda wa ngozi unaoza kwa jasho la Dar, wa nailoni unafuliwa na kukauka usiku mmoja. Kwenye kisanduku cha saa weka vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu, na vibadilishe.

Ikitokea saa iliyokuwa sawa imeanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku, usikubali kuambiwa servisi nyingine kabla haijapimwa sumaku. Umeilaza juu ya spika au karibu na kava la simu lenye sumaku, na mizunguko ya ile springi nyembamba ya mizani imeshikana. Kuondoa sumaku ni kazi ya sekunde chache, kwa kifaa ambacho saa haihitaji hata kufunguliwa mfuniko.