Debe, promo, kiki na chawa: majibu kwa wasomaji

Kwa nini anayesifia bidhaa tunasema anaipigia debe? (Msomaji, Morogoro)

Debe ni lile kopo kubwa la bati la mafuta ya taa. Likiwa tupu, ukilipiga mtaa mzima unasikia. Lina ndugu zake pia: tunapigia upatu, tunapigia chapuo, tunapiga mbiu. Upatu ni sahani ya shaba, chapuo ni ngoma ndogo, mbiu ni pembe. Kabla ya redio habari ilitangulia kwa mlio, ndiyo maana wazee wakasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

Ila mbiu hupigwa kwa ajili ya wote: kuna mkutano, kuna hatari. Debe, upatu na chapuo tunampigia mtu fulani, au kitu chake. Hapo tayari kuna upande. Nami namheshimu mpiga debe wa stendi, kwa sababu upande wake haufichi. Gari likijaa anapewa chochote na konda, na kila abiria analijua hilo kabla hajapanda.

Promo na kiki ni kitu kimoja? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Anayepiga promo anakuonyesha anachouza: wimbo unatoka Ijumaa, duka limefunguliwa Kariakoo, njoo. Anayetafuta kiki anakupa kisa kwanza. Wapenzi wawili maarufu wanagombana hadharani, watu wanagawanyika, wengine wanalia nao kwa dhati, kisha wiki inayofuata wimbo wa pamoja unatoka. Wengi wanaiona burudani tu. Mimi naona msikilizaji ameuziwa kitu bila kujua kwamba yuko sokoni, na huruma yake imetumika kama bango.

Mdogo wangu ni afisa masoko wa kampuni. Rafiki zake wanamwita chawa. Ni sawa? (Dada yake, Dodoma)

Si sawa, na mwambie asilikubali jina hilo. Chawa wa mjini ni yule anayeganda kwa tajiri, msanii au mwanasiasa na kumsifia kila anachofanya, akitegemea kuangushiwa kitu. Mdogo wako ana mkataba, ana mshahara, na kazi yake inajulikana. Akisema sabuni yao inatoa povu, tunajua nani kamtuma.

Wamarekani nao wana jina la mtaani la kazi hii ya matangazo? (Msomaji, Nairobi)

Wanalo, tena la mtaa kweli: Madison Avenue, barabara ya Manhattan, New York, ambako kampuni kubwa za matangazo zilijazana. Nyingi zimeshahama, jina limebaki.

Nalipwa kuposti vipodozi kwenye ukurasa wangu. Nijiite balozi? (Msomaji, Tanga)

Kama mmekubaliana kwa mkataba, jiite. Lakini neno "balozi" peke yake halimwambii mfuasi kwamba umelipwa. Andika juu kabisa, si chini ya alama za reli (hashtag) ishirini: "Hili ni tangazo, nimelipwa." Na kama hujaipaka cream hiyo usoni mwako, usiseme imekung'arisha. Hata kama umeipaka, tazama kwanza orodha ya viambato. Ukiona zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, rudisha hela yao. Wanaokufuata wataipaka kwa sababu wanakuamini wewe, na ngozi itakayoungua ni yao.