Seli ya kinga huamshwa, huchochewa au huchokozwa?

Swali: Natafsiri makala ya biolojia kuhusu jinsi DNA ya bakteria inavyozifanya seli za kinga zianze kazi. Niliandika "DNA ya bakteria huchochea kingamwili". Mwenzangu anataka "huchokoza", mhariri kaweka "husisimua". Nani yuko sahihi?

Jibu: "Chokoza" tuitoe mapema. Mchokozi ana nia ya ugomvi, na DNA haina nia yoyote; mara nyingi hata bakteria mwenyewe keshakufa. "Sisimua" inanipeleka kwenye vinyweleo na habari za magazetini. Kwa neva sawa, hapa hapana.

Zimebaki "amsha" na "chochea", na hapo lazima tuchungulie ndani ya seli. Seli humeza bakteria, humsaga ndani ya kifuko, na DNA yake hubaki wazi. Kifukoni humo kuna kipokezi kiitwacho TLR9, ambacho watafiti wa Japani walikibainisha mwaka 2000. Hunasa mahali ambapo, kati ya herufi za DNA, C inafuatwa na G, na C hiyo haina methili, yaani kibandiko kidogo cha kikemikali. Katika DNA yetu mfuatano huo ni adimu, na C zake nyingi zimebandikwa methili. Kwa bakteria umejaa tele, tena mtupu. Alama hiyo ilielezwa mwaka 1995. Kipokezi kikiinasa, seli iliyokuwa imetulia huanza kumwaga sitokini, protini ambazo seli hupashana habari kwazo, na seli B, aina mojawapo ya seli za kinga, hugawanyika.

Kilichotulia huamshwa. Kuchochea asili yake ni motoni: unasukuma kuni ndani ili moto unaowaka uzidi. Kinachozidi hapa si seli, ni mwitikio. Mimi ningeandika: "DNA ya bakteria huamsha seli za kinga na kuchochea mwitikio wao." Hapana, "mwitikio wake": seli si watu, ingawa sentensi za namna hii hutughilibu.

Kosa zito liko kwenye neno ambalo hukuliuliza. Kinga ya mwili ni ulinzi wote. Kingamwili ni protini zitokanazo na seli B, zinazomnasa mvamizi. DNA haichochei kingamwili, huchochea utengenezaji wake. Chanjo moja ya homa ya ini B, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, imetiwa vipande vifupi vya DNA ya maabara vyenye C na G zisizo na methili kwa kazi hiyohiyo. Ukiielezea chanjo hiyo, "huchochea utengenezaji wa kingamwili" ni sentensi isiyo na doa.