Jibu: Prosesa kufika 100% baada ya kuhamia epoll

Habari ndugu. Umesema kwamba tangu uhamishe seva yako ya OpenSSL (maktaba ya kusimba mawasiliano) kutoka select kwenda epoll (zote ni njia za Linux za kungoja soketi, yaani miunganisho ya mtandao, ziwe tayari), prosesa inafika 100% hata pasipo mteja anayetuma kitu. Angalia kwanza kama EPOLLOUT (ombi la kuarifiwa soketi inapoweza kuandikiwa) imesajiliwa muda wote, kwa sababu soketi ambayo bafa yake (hifadhi ya muda ya data inayotumwa) haijajaa huwa tayari kuandikiwa, hivyo epoll_wait, mwito unaongoja matukio, hurudi papo hapo bila kulala. Kwangu strace (zana inayoonyesha miito ya programu kwa mfumo) ilionyesha mistari ya epoll_wait ikifuatana mfululizo, yote ikirudisha 1, yaani soketi moja iko tayari. Nilianza kuisajili EPOLLOUT pale tu OpenSSL iliporudisha SSL_ERROR_WANT_WRITE (yaani inangoja soketi iweze kuandikiwa), nikawa naiondoa uandishi unapokamilika, na prosesa ikatulia. Tafadhali usikimbilie EPOLLET (hali ambayo epoll huarifu tu pale kunapotokea jambo jipya): itakulazimu kurudia SSL_read, mwito wa kusoma data, hadi upate SSL_ERROR_WANT_READ (yaani hakuna data zaidi kwa sasa), la sivyo data inaweza kubaki kwenye soketi au ndani ya OpenSSL na muunganisho ukakwama.