Barua kwa Mwanangu: Kuitikia Usichokielewa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni vibaya kuitikia na kucheka pamoja na wakwe zako ilhali lugha yao hujaimudu. Si vibaya, ila usikae humo muda mrefu.

Ujanja wenyewe ni mdogo. "Mh" moja, "aha" mbili, na ile mbinu kuu: kulidaka neno la mwisho la msemaji na kulirudia kwa sauti ya kuuliza. Hapo ataendelea mwenyewe, nawe unapumua. Kinachokuumbua ni kicheko. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mtu akimaliza kusema, mwenzake hudakia upesi mno, kwa kawaida hata nusu sekunde haijapita. Sasa wewe unangoja wengine wacheke ndipo ucheke! Mama mkwe ameshakuona zamani, anakustahi tu. (Na kuitikia kwa kichwa nako si kwa kutegemea kila mahali: Wabulgaria wengi hukiinua kukataa, na kukitikisa kushoto na kulia kukubali.)

Lakini lililonifurahisha zaidi ni utafiti mwingine, wa mwaka 2015, wa lugha 12. Wenye lugha zao wenyewe, wakizungumza nyumbani kwao, husimamishana kuulizana "eti?" au "nani?" takriban mara moja kila dakika moja na nusu. Kwa hiyo anayesikiliza saa nzima bila kuuliza lolote ndiye anayetiliwa shaka. Jifunze maswali matatu ya lugha yao: nani, lini, wapi. Ukiuliza "nani?", utatajiwa jina, tena polepole, na tayari una pa kushikia. "Eti?" peke yake itakurudishia maneno yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi.

Ukiona sauti zimekatika na nyuso zote zimekugeukia, ujue umeulizwa jambo. Hapo usijibu "ndiyo" kwa kubahatisha. Unaweza kujikuta umekubali kumdhamini mtu mkopo. Na yakitajwa fedha, dawa, tarehe au karatasi ya kutia sahihi, sema wazi hujaelewa, hata kama umeitikia tangu asubuhi.

Mwenzio usimgeuze mkalimani wa kila sentensi, atakosa hata kula. Mwombe akukanyage mguu chini ya meza pale tu swali linapokuwa lako.

Wasalimie wote.

Mama yako